Sare Kutoka Buffalo

SAMSONI: Haloo, haloo? Nani mwenzangu?

BIRINDWA: Ni miye.

SAMSONI: Miye nani? Namba hii siijui. Kama ni habari za bima ya gari, gari ninalo, bima ninayo, asante sana na siku—

BIRINDWA: Samsoni, usikate. Ni Birindwa. Birindwa ya Louisville. Hii simu iko ya mutoto yangu, Précieuse.

SAMSONI: Aa, kaka. Ungeanza na hilo. Habari za Louisville?

BIRINDWA: Muzuri. Ya Columbus?

SAMSONI: Salama. Immaculée hajambo, watoto hawajambo, mwenye nyumba hajambo, amepandisha kodi. Shemeji Nzigire?

BIRINDWA: Eko.

SAMSONI: Yuko anaendeleaje?

BIRINDWA: Eko tu. Bon, Samsoni, nilikuwa—

SAMSONI: Mbona kuna ngurumo? Uko kiwandani?

BIRINDWA: Niko ku laundry. Ni mashini ya kufulia.

SAMSONI: Basi sikiliza haraka, maana niko break. Nimekaa kwenye gari nje ya ghala, nina dakika ishirini, supervaiza wangu anazihesabu kuliko mimi. Kibali cha kuwinda bata mzinga umeshachukua?

BIRINDWA: Nilichukua.

SAMSONI: Kile cha mtu anayetoka nje ya Ohio? Usije ukaleta cha Kentucky tukafukuzwa.

BIRINDWA: Ya Ohio. Nilichukua mwezi ya pili.

SAMSONI: Vizuri. Mzee wa shamba amesaini karatasi zetu zote tatu za kuwinda kwake, ninazo hapa. Dawa ya kupe ninayo. Mito ya kukalia ninayo. Eliezer anatoka Buffalo Ijumaa mchana, mwendo wa saa tano, analala kwangu hapa mtaani Linden. Wewe ukitoka kazini unaingia barabarani, saa mbili usiku uko mezani kwangu unakula. Jumamosi alfajiri tumeshakaa chini ya mti, siku ya kwanza ya msimu. Na mimi nimefanya mazoezi. Ngoja usikie, nikiweka hiki kiplastiki mdomoni—

BIRINDWA: Samsoni, miye sikuye.

SAMSONI: —naita kama jike kabisa. Juzi niliitia kwenye chumba cha kulia cha ghala, mtu akaniletea maji. Umesema?

BIRINDWA: Nilisema sikuye. Jumamosi. Muende na Eliezer.

[mtandao unakwaruza]

SAMSONI: Rudia hapo, mtandao umekula.

BIRINDWA: Haikukula. Ulisikia.

SAMSONI: Kwa nini?

BIRINDWA: Goti.

SAMSONI: Kuwinda bata mzinga ni kukaa. Goti linakaa na wewe. Hakuna anayeliomba litembee.

BIRINDWA: Tena kazi. Kuko overtime.

SAMSONI: Uliomba ruhusa Krismasi. Ulinipigia kunisomea barua.

BIRINDWA: Voilà, na motokari. Pneu moya, gurudumu, haiko muzuri.

SAMSONI: Birindwa.

BIRINDWA: Ya nyuma.

SAMSONI: Birindwa, mtu mwenye sababu moja namwamini. Mwenye tatu, hapana. Au ni yale ya mwaka jana?

BIRINDWA: Ya mwaka jana gani?

SAMSONI: Unayajua. Dume, ndevu zinafika chini, linakuja lenyewe hatua kwa hatua. Miaka mitatu tunangoja dume kama lile. Na wewe unainuka unakwenda kumpa mkono mkwe wa mzee wa shamba, aliyejificha nyuma ya mti.

BIRINDWA: Tulikuwa tumeangaliana na ye.

SAMSONI: Mtu alikuwa amejificha.

BIRINDWA: Nilimuona. Ukimuona mutu unamusalimia. Ao nijifanye sikumuona, kama mutu mubaya?

SAMSONI: Ukamuuliza na watoto.

BIRINDWA: Iko nabo batatu. Bote banasoma.

SAMSONI: Alikuwa amekaa pale tangu gizani, Birindwa.

BIRINDWA: Alinipatia kahawa.

SAMSONI: Alikupa kahawa kwa sababu asubuhi ile hakuwa tena na kazi nyingine. Lakini yamekwisha. Hatukukuandika popote. Hata Eliezer, kijana wa watu, alikutetea. Alisema tatizo si salamu za mjomba Birindwa, tatizo ni makoti yetu ya kazini, bata mzinga anatuona kutoka mbali. Ndiyo maana akanunua zile nguo za mabaka, seti tatu, akatutumia kila mtu boksi lake.

BIRINDWA: Njo hiyo, ndiyo. Ile nguo.

SAMSONI: Si unajua alivyo, yeye ni kiongozi wa kwaya. Kwake watu watatu wakikaa pamoja lazima wawe na sare. Harusi ya Jolie wa kwayani alitushonesha mpaka soksi.

BIRINDWA: Ni sare, ndiyo. Shati, suruali, kofia. Na ile neti ya kufunika uso.

SAMSONI: Na glavu.

BIRINDWA: Na glavu. Yako ilikukaa?

SAMSONI: Imenikaa kama nimepimwa.

BIRINDWA: Ulivaa yote? Na neti?

SAMSONI: Na neti.

BIRINDWA: Immaculée alisema nini?

SAMSONI: Unasema? Mtandao huu—

BIRINDWA: Nauliza Immaculée alisema nini, vile alikuona.

SAMSONI: Alisema... imenikaa. Sasa mbona tunapoteza dakika zangu kwenye nguo? Unafua nini huko mpaka dirisha litikisike?

BIRINDWA: Njo hiyo. Ile ya Eliezer.

SAMSONI: Unafua nguo mpya?

BIRINDWA: Mara ya tatu leo.

SAMSONI: Kutoa harufu ya dukani? Utachosha sabuni bure. Bata mzinga hana habari na harufu, yeye ni macho tu.

BIRINDWA: Haiko harufu. Ni rangi. Nafua na maji ya moto, niliweka na javel, dawa ya kutosha rangi. Haitoke.

SAMSONI: Kaka, ile rangi imetengenezwa isitoke. Ndiyo maana ya nguo yenyewe.

BIRINDWA: Nilizani itakuwa kama majivu. Mutu akivaa aonekane tu kama mutu.

[mashine inanguruma]

SAMSONI: Kumetokea nini, Birindwa?

BIRINDWA: Hakuna kitu.

SAMSONI: Nina dakika kumi na tatu. Kumetokea nini?

BIRINDWA: Boksi ilifika siku ya tatu, munaita Jumatano. Nzigire alikuwa mu cuisine, anapika sombe. Miye nikaingia mu chambre kujaribu. Nilivaa yote. Bon, nilizani atacheka. Eko anapenda kunichekelea. Nikasimama mu mulango ya cuisine. Sikusema kitu.

SAMSONI: Na neti usoni.

BIRINDWA: Na neti.

SAMSONI: Ee Mungu.

BIRINDWA: Haikulia. Haikupiga kelele. Aliniangalia, akazima moto. Akapita pembeni yangu polepole, akavaa biatu. Akatosha ile enveloppe ya makaratasi chini ya matela ya kitanda, ile ya passeport na ya vaccin. Akarudi mu cuisine, akachukua sufuria.

SAMSONI: Ipi?

BIRINDWA: Ile ndogo.

SAMSONI: Na kifuniko?

BIRINDWA: Na kifuniko. Alifunga na kitenge juu ya mugongo. Akatoka.

SAMSONI: Kwa mlango wa nyuma.

BIRINDWA: Ya nyuma. Nani alikuambia?

SAMSONI: Hakuna aliyeniambia.

BIRINDWA: Précieuse alimufuata mu parking. Anamuambia na Kizungu chake, Mama, ni Papa tu, ni Papa na nguo ya kuwinda. Nzigire anajibu, nyamaza mutoto, usiseme na sauti. Précieuse iko na miaka makumi mbili na moya. Hajasikiaka mama yake na ile sauti ya wakati ya vita.

[mtandao unakwaruza]

SAMSONI: Akarudi?

BIRINDWA: Alirudi. Ilikuwa nusu saa. Miye nilikuwa nimeshavula, nimevaa pijama, mu saa kumi na moya ya muchana, juu sikuona nguo ingine ku mukono. Akarudisha sufuria ku mahali yake. Akawasha moto. Tukakula sombe. Ile siku haikusema kitu.

SAMSONI: Bunduki je? Haikumsumbua?

BIRINDWA: Bunduki iko mule mwaka ya tatu, mu kabati na kufuli yake. Anaanikaka mataulo juu ya kabati. Bunduki haina sura, Samsoni.

SAMSONI: Kweli.

BIRINDWA: Miaka kumi na moya tuko hapa. Alikuwa ameshaanza kulala vile batu banalalaka. Sasa biatu biko pembeni ya kitanda, binaangalia mulango. Ni miye nilibirudisha pale. Inaniuma. Njo juu ya ile sikuye. Haiko goti.

SAMSONI: Ndiyo, haiko goti.

BIRINDWA: Pneu ni ya kweli. Lakini haiko pneu.

[kimya kirefu]

BIRINDWA: Samsoni? Uko?

SAMSONI: Nipo.

BIRINDWA: Nilizani ilikatika.

SAMSONI: Sijavaa.

BIRINDWA: Nini?

SAMSONI: Zile nguo. Nimekudanganya. Sijavaa, na Immaculée hajaona kitu. Boksi liko kwenye buti la gari, hapa nyuma yangu, tangu Jumanne. Nilichana gundi upande mmoja, nikaona mkono wa shati. Nikafunga. Nikaweka tairi juu yake.

BIRINDWA: Tairi.

SAMSONI: La akiba. Kwa hiyo usione haya peke yako. Mimi ninalindwa na tairi dhidi ya shati.

BIRINDWA: Weye ulisema imekukaa kama ulipimwa.

SAMSONI: Ningesema nini? Eliezer anapiga kila jioni, mjomba umevaa, mjomba piga picha, mjomba tuma. Nikamwambia simu yangu imeharibika kamera. Na yeye kijana mwema akasema atakuja na kamera yake.

BIRINDWA: [anacheka kidogo, anaacha] Ye haioni kitu? Ile nguo haimuambii kitu?

SAMSONI: Itamwambia nini? Dada yangu alivuka mpaka naye akiwa tumboni. Alizaliwa kambini kwa wakimbizi, Mtabila, tukampa maziwa ya unga, tukampa mpira wa matambara. Alipouliza tulitoka wapi tukamwambia tulitoka nyumbani. Akaridhika. Kwake yale mabaka si askari, ni majani na matawi tu, ndivyo ilivyoandikwa kwenye boksi.

BIRINDWA: Haukumuambiaka?

SAMSONI: Wewe Précieuse umemwambia?

BIRINDWA: Mashini iko karibu kumaliza.

SAMSONI: Haya.

BIRINDWA: Kuko kitu ingine, sikukuambia. Haiko Nzigire peke yake.

SAMSONI: Sema.

BIRINDWA: Mbele, kabla niende mu cuisine. Nilipita mu couloir. Kuko miroir pale, kioo kubwa, Nzigire aliipata ku bale batu banahamaka, banaachaka bintu inje. Nikapita. Nikaona mutu.

SAMSONI: Wewe.

BIRINDWA: Miye. Najua sasa. Lakini mikono yangu ilikuwa imeshapanda juu. Yote mbili. Mu nyumba yangu, Samsoni. Nilisimama vile, mikono juu, namungojea aseme. Na ye alikuwa amenyanyua yake.

[mashine imesimama]

BIRINDWA: Mashini ilimaliza.

SAMSONI: Iache humo.

BIRINDWA: Batu bako banangojea mashini.

SAMSONI: Basi itoe, uiweke kwenye mfuko, uiache pale pale laundry. Kuna mtu atapata sare ya bure.

BIRINDWA: Ni zawadi ya mutoto.

SAMSONI: Zawadi imefika, tumeipokea, tumeshukuru. Hakuna sheria ya kuivaa. Sikia. Lile koti lako la kazini, la kahawia, lenye kola imechakaa, lipo?

BIRINDWA: Liko.

SAMSONI: Na mimi langu lipo. Tutavaa makoti.

BIRINDWA: Dindon itatuona.

SAMSONI: Bata mzinga? Atuone. Miaka mitatu anatuona, amekufa? Ukikaa bila kutikisika, umeegemea mti, wewe ni kisiki. Wazee wao hapa waliwinda na makoti ya kahawia, mzee wa shamba mwenyewe aliniambia.

BIRINDWA: Sikusema nakuya.

SAMSONI: Sijakuuliza bado. Dakika sita.

BIRINDWA: Na Eliezer? Atafika na sare yake, na kamera.

SAMSONI: Nilifikiri tumwambie zimetubana.

BIRINDWA: Bote babili?

SAMSONI: Ndiyo shida. Wewe mrefu, mimi mfupi.

BIRINDWA: Ataomba sorry, atatuma kubwa.

SAMSONI: Atatuma kubwa, naam. Namjua. Kwa hiyo itabidi aambiwe.

BIRINDWA: Na nani?

SAMSONI: Na sisi. Jumamosi. Pale chini ya mti tumekaa, hakuna simu, hakuna watoto, hakuna wa kutuletea chai katikati ya maneno. Nikianza mimi nikashindwa, utaendelea wewe. Ndiyo maana nakuhitaji, Birindwa. Peke yangu na yule kijana nitazungumza habari za gari mpaka jua litoke.

BIRINDWA: Mu pori mutu haongeake. Weye njo ulituambia. Mwaka jana baada ya ile salamu, haukunisemesha mpaka tulifika Zanesville.

SAMSONI: Mwaka huu tutaongea.

BIRINDWA: Dindon yote itakimbia.

SAMSONI: Wakimbie. Safari hii ni zamu yao.

[simu ya Birindwa inatoa mlio]

BIRINDWA: Simu ya mutoto iko na asilimia ine.

SAMSONI: Basi nijibu.

BIRINDWA: Nzigire haikunikataza. Sitaki umusikie vibaya. Jana, mbele alale, aliniuliza kitu moya tu. Ile kitu moya njo sikuweza kumujibu, juu sikujua nijibu nini.

SAMSONI: Aliuliza nini?

BIRINDWA: Aliuliza, bale banaingiaka mu pori, banatokaka?

[mtandao unakwaruza]

SAMSONI: Kengele ya break hiyo. Birindwa, mpelekee simu hiyo shemeji sasa hivi, kabla haijazima. Mwambie ni Samsoni.

BIRINDWA: Eko ku kazi, kwa bale bazee anawatunza. Niambie miye, nitamuambia.

SAMSONI: Mwambie haya, na umwambie si maneno yangu, ni ya kitabu cha wawindaji cha Ohio, ninacho kwenye dashibodi hapa. Siku za mwanzo za msimu, saa sita kamili mchana, kuwinda kumekwisha. Mwenye bata, asiye na bata, unatoka. Anayebaki kuwinda anapigwa faini. Ni sheria.

BIRINDWA: Saa sita ya muchana.

SAMSONI: Kamili. Jua liko juu ya kichwa. Na saa sita na dakika tano nitampigia mimi mwenyewe, umesimama hapo kando yangu, umevaa koti lako, atakusikia.

BIRINDWA: Donc batu banatoka.

SAMSONI: Wanatoka.

BIRINDWA: Bote?

SAMSONI: Wote, kaka. Ni sheria— Nakuja, supervaiza, nakuja. Birindwa? Umenisikia? Wote.

BIRINDWA: Nilisikia. Bon. Uniwekee kitanda ya Iju—

[simu imezima]